Ng'ombe wa Shangazi

Juzi, kwenye harusi moja Malangali, nilimwona bibi harusi akimpigia wifi yake magoti, nikainamisha uso.

Enzi za Mwingereza, kule Mpui, shangazi alitujia mchana mmoja, jicho limevimba. Jikoni ugali wa ulezi ulikuwa ukinukia. Mama alimpigia magoti, akilia.

"Wifi, nakuomba, rudi kwa mumeo."

Nilidhani anaogopa chakula hakitatosha. Sikujua kwamba ng'ombe wa mahari ya shangazi ndio baba aliowatoa kumwoa mama. Shangazi angeachika, wangedaiwa, na mama angerudishwa kwao.

Shangazi alijifunga kanga yake, akaondoka bila kula. Nilimpungia mkono, nimefurahi kwamba mama amenyamaza. Kisha nikaumalizia ule ugali wake.