Bundi Ndani ya Gari la Mjamzito

Asubuhi ile, huku ughaibuni, tulikuwa tunaelekea mtaa wa Stanmore, mimi na mwenzangu Mkenya, kuhudumia wazee majumbani kwao. Gari ni lake, na tumboni alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili zilizotangulia zilitoka. Kwa hiyo nilipoona bundi kando ya barabara, bawa limelegea, nilimwambia asimamishe gari bila kusema kwa nini.

Sikuwahi kumwona bundi kwa karibu. Kwetu Tanga tulimsikia tu, na bibi yangu alitupa chumvi motoni kila akilia. Huyu hakulia. Alinigeuzia uso wa duara, macho meusi tii, akanikagua kama mama mkwe. Niliogopa, sikatai, lakini kumwacha pale nilishindwa.

"Hiyo kitu haiingii kwa gari yangu!" mwenzangu alipiga kelele kutoka kwenye usukani. "Dada, kwenu bundi ni kuku?"

"Kwetu pia ni uchuro. Lakini huyu ni mgonjwa, na kazi yetu si ndiyo hiyo?"

Nikapiga simu kwenye kituo cha kutibu wanyamapori. Mama aliyepokea alinielekeza nimfunike kwa nguo, nimweke kwenye boksi lenye giza, nisimpe chakula wala maji. Na njiani pawe kimya kabisa, maana hofu peke yake inaweza kumuua. Simu ilikuwa kwenye spika, mwenzangu akasikia.

"Hofu inaweza kumuua?" akauliza, mkono tumboni. "Haya, mweke nyuma. Lakini mimi naomba."

Nikamwaga glavu zetu za kazi kutoka kwenye boksi lake, nikamwinua bundi kwa mtandio wangu na kumweka humo. Alikuwa mwepesi ajabu, mkubwa wa manyoya tu. Nikapiga simu ofisini kuwaambia tutachelewa.

Mwenzangu ni mtu wa maombi ya sauti. Nyimbo zake za injili hufika kabla ya gari. Siku ile alizima redio, akaendesha midomo ikicheza bila kutoa neno, jasho likimtiririka. Kila boksi lilipokwaruzwa, alifumba jicho moja. Nilimpenda sana asubuhi ile.

Kituoni yule mama alilikunjua bawa taratibu, kama anakunjua kanga mpya. Mfupa ulikuwa na ufa. Akasema atapona, kisha atarudishwa palepale alipookotwa, kwa kuwa ndiko kwao.

Mwenzangu alijifungua salama, bundi akiwa bado matibabuni. Nilipopigiwa simu kwamba bundi anaachiliwa, nilidhani nitakwenda peke yangu. Mwenzangu alikuja, mtoto kifuani, kamfunika uso gubigubi.

"Nimekuja kuhakikisha ameenda," akasema.

Jua lilikuwa limezama boksi lilipofunguliwa. Bundi alitulia kidogo, kisha akapaa, akapita juu ya vichwa vyetu, karibu kiasi cha kumgusa. Nilisubiri kusikia mabawa. Nilichosikia ni mtoto akipumua. Subhanallah, ikanitoka. Maisha yangu yote nilimjua bundi kwa sauti, na ukimya wake ndio ulioniliza.

Mwenzangu alimfunua mtoto uso, akamgeuzia kule kwenye miti.

"Ona huyo," akamnong'oneza. "Mlipanda gari moja."