Jina la Danson Halikurukwa

Mzee Sylus alifagia soko la Voi miaka thelathini na moja, akastaafu, na kiinua mgongo hajakiona mpaka leo. Mimi fundi wa viatu niliacha shule darasa la tano, lakini kwa sindano hakuna anayeniweza. Hizo safari zake za kukidai ofisini nimezishonea soli mara nne.

Kila Ijumaa wastaafu wanakaa nje ya ofisi, Mzee anaita majina yao kwa daftari ndio wasisahaulike. Juzi nikimpelekea viatu, nikamsikia akiita, "Danson Mwakio!"

Nikamtania, "Mzee, Danson si tulimzika Makwasinyi wiki jana? Ama ako na simu huko?"

Hakucheka. "Fundi, nikiruka jina lake hapa, hata hao ndani wataliruka. Mkewe atadai na nini?"

Akaita tena. Halafu Elsie, mjane wa Danson, akasimama na leso yake begani.

"Yuko," akasema.

Karani alikuwa mlangoni na orodha yake, kalamu tayari kukata jina la Danson. Akamwangalia yule mama, akairudisha kalamu mfukoni.

Na huu mdomo wangu wote, nikainama tu kumvisha Mzee viatu vyake.