Hodi ya Tatu

Juzi binti yangu alikuwa akicheza gemu ya kutisha kwenye simu: wageni wanagonga mlango, wewe unaamua nani wa kumwamini. Ukikosea, unakufa. Nikakumbuka geti letu la bati kule Temeke, nilipokuwa mdogo.

Mama alikuwa ameenda sokoni, akaniacha peke yangu. "Usimfungulie mtu," alisema. "Mtu mwema hupiga hodi tatu, asipojibiwa anaondoka zake."

Mchana ule mwanamke mzee aliita, "Hodi wenyewe!" Harufu ya korosho za kuchoma ilipenya chini ya geti. Nilibana pumzi, nikahesabu. Hodi ya tatu ilikuwa ya mtu aliyechoka. Kisha nikasikia kandambili zikiburuzika, akienda zake.

Kumbe ni mwema! Nikakimbia kumfungulia. Komeo lilinisumbua; nilipofungua, njia ilikuwa tupu, na chini palikuwa na korosho zilizofungwa kwenye kipande cha kanga.

Mama aliporudi alikitambua kile kipande. "Mama yangu huyu, katoka Masasi," akasema. "Yuko wapi?"

Tulimtafuta mpaka kituo cha mabasi, hatukumpata. Bibi hakuja tena Dar. Hodi zile tatu ndizo maneno yote aliyowahi kuniambia.