Zamu Yetu kwenye Kasha la Marekani

Kasha liliteremshwa kwenye treni pale Same asubuhi ambayo nilikuwa nikibishana bei ya tangawizi na mpishi wa behewa. Yeye alitaka mafungu matatu kwa bei ya mawili. Mimi nilitaka filimbi ilie kabla hajanichosha. Ikalia, akalipa. Nilipogeuka nikaliona: kasha refu la mbao, limekazwa kwa mikanda ya bati, limejaa maandishi meusi. Nililoweza kusoma ni neno moja tu, Tanganyika. Karani wa stesheni akasema ni la shule ya misheni ya kwetu juu milimani, limetoka Marekani. Nikalisukuma kwa mguu. Halikutikisika.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi, darasa la nne nimelimaliza zamani, na baada ya hapo shule kwa binti wa kwetu ilikuwa na chumba kimoja tu, cha kushona na kupika. Kushona nilijua kabla sijaingia, kupika nilikuwa nimeshachoka. Nilichotaka ni chumba cha pili, kile ambamo wavulana wa madarasa ya juu walifundishwa sayansi. Nilikuwa nimeomba mara mbili, maana mara moja si kuomba, ni kusalimia. Mara zote mbili Mwalimu Mkuu alinijibu, "Binti, nafasi hakuna," kwa upole wa mtu anayefunga duka.

Basi mvua za vuli zikaikata barabara ya kupandia kwetu, upande wa Vudee, na lori la misheni likashindwa. Kasha likakaa stesheni, na Mwalimu Mkuu akawa halali kwa hofu ya mchwa na vibaka. Angeweza kukodi wapagazi. Lakini wapagazi hulipwa, na pembe hulia bure. Akaenda kwa mzee wa ndiva, mgawaji wa maji yetu, akaomba pembe ipigwe.

Hapo ndipo alipokosea. Nilimwona akikosea, nikanyamaza.

Kwetu Upare kazi ya wote huitwa msaragambo. Pembe ikilia unaacha chako unakwenda kwenye cha wote: kuzibua mfereji, kufukua tope kwenye ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani. Asiyekuja hutozwa. Aliyekuja hupata zamu yake ya maji, na zamu hiyo hakuna wa kumnyang'anya, awe mkubwa kiasi gani. Sheria hii hakuileta Mjerumani wala Mwingereza, na labda ndiyo sababu ilikuwa inafanya kazi.

Wanaume wengi walikuwa bondeni kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo walioitikia pembe walikuwa wanawake. Tukateremka Same, tukalipitishia kasha miti miwili, tukaanza kupanda. Palipoteleza tulitambaa. Tulibadilishana mabega kila penye kona, na kona za mlima ule huzijui mpaka uwe umebeba kitu. Watu wa njiani walivua kofia wakidhani tumebeba msiba.

"Marehemu alikuwa mnene," mama yangu akawaambia.

Jioni tuliliweka kasha kwenye veranda ya shule. Mwalimu Mkuu akatoa sala ndefu kidogo, akatushukuru, akasema vifaa hivi vya sayansi vitawafaa sana wavulana. Kisha akatuambia tuliingize ndani, akafunga mlango.

Kesho yake sikwenda kwa Mwalimu. Mnunuzi mwenye akili haanzi na mwenye duka, huanza na mwenye soko. Nilikwenda kwa mzee wa ndiva, aliyekuwa akinoa panga mlangoni kwake na kulilaani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Unauza nini leo?"

"Siuzi, Babu, nauliza. Mtu ameitikia pembe, amezibua mfereji, halafu amenyimwa zamu. Inakuwaje?"

"Haiwezekani anyimwe."

"Na akinyimwa?"

"Basi pembe hailii tena. Nani ataitikia?" Akalijaribu panga kwa kidole gumba. "Unauliza ya mfereji, au ya lile sanduku la wazungu?"

"Nimeuliza ya mfereji, Babu. Jibu nitalimwagilia ninakotaka."

Alicheka mpaka akakohoa. Nadhani naye alitaka sana kuona kilichomo ndani, maana mchana ule ule alimpelekea Mwalimu Mkuu ujumbe: mzigo uliobebwa kwa pembe hufunguliwa mbele ya walioitikia pembe. Mwalimu hakuweza kukataa. Shamba lake la migomba nalo lilikunywa maji ya ndiva.

Tukakusanyika. Aliyelifungua kasha ni Mmarekani wa misheni, mtu mrefu wa makamo tuliyemwita Bwana Fundi. Kwao alikuwa injinia wa madaraja. Kwetu alikuwa akijenga zahanati, na Kiswahili alikijua vizuri, ila alikisema polepole kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Akatoa sumaku, vioo vya kukuzia, mizani ya sahani mbili, nyaya, na chini kabisa kapi nne kubwa za chuma, yale magurudumu ya kupitishia kamba. Kwenye ubao wa mizani mtoto fulani wa Marekani alikuwa amechonga moyo uliopigwa mshale. Mama aliutazama sana.

"Bwana Fundi," akasema, "hivi vitu vina ugonjwa gani mpaka wenyewe wakavitoa?"

"Havina ugonjwa, Mama. Warusi wamerusha mwezi mdogo wa chuma, unaizunguka dunia. Nchi yetu imeshtuka. Kila gazeti linauliza kwa nini watoto wetu hawajui hesabu. Wakubwa wametoa fedha, shule zimenunua vifaa vipya, na hivi vya zamani watu wa kanisa wakavikusanya."

"Na kabla Mrusi hajarusha, hao wakubwa walikuwa wanafanya nini?"

Bwana Fundi akafikiri. "Walikuwa wanapanda magari mazuri sana, Mama."

Mzee wa ndiva akasogea mbele. "Huyo mkubwa wenu wa juu kabisa, ni fundi?"

"Hapana, Mzee. Alikuwa mwanajeshi."

"Na wale wa baraza?"

"Wengi ni mawakili."

"Sasa nani kati yao anajua mfereji upite wapi?"

"Wanatuita sisi mainjinia, tunawaambia, halafu wanapiga kura."

"Wanapiga kura maji yapite wapi?"

"Wakati mwingine, ndiyo."

"Na maji yanatii?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Fundi naye akacheka, lakini si sana. "Niliwahi kuona daraja lililojengwa mahali palipopata kura nyingi," akasema. "Mto ulikuja kulichukua. Ila msiwacheke mno, Mzee. Wameshtuka. Mkubwa aliyeshtuka ni afadhali kuliko aliyelala."

Hapo nikaona mlango. "Bwana Fundi, huko kwa Warusi, mainjinia ni wanaume watupu?"

"Hapana," akasema. "Wanasomesha na wanawake. Magazeti yetu yanaliandika hilo kwa uchungu. Mimi nina binti. Alitaka kusomea madaraja kama baba yake. Chuo kilimjibu kwamba nafasi hakuna."

Nikamtazama Mwalimu Mkuu. Alikuwa ameanza kuangalia dari, ingawa dari yenyewe haikuwa na jambo. Marekani yote ile, na ardhi yote ile, nafasi hakuna! Sikujua nicheke au nimwonee huruma binti wa watu. Nilichojua ni kwamba bei imeshuka, na bei ikishuka hungoji kesho.

"Mwalimu," nikasema, "sisi tuliitikia pembe. Tunaomba zamu yetu kwenye kasha."

"Zamu ni ya maji."

"Pembe ni ile ile, Mwalimu."

Akamgeukia mzee wa ndiva. Mzee alikuwa amejiwekea kioo cha kukuzia jichoni, anakagua kucha zake. "Binti hajasema uongo," akasema bila kukiondoa.

"Mnataka nini hasa?" Mwalimu akaniuliza.

"Siku zote tano."

"Huna akili."

"Tatu."

"Hata moja."

"Basi nne."

"Mbona unapanda badala ya kushuka?"

"Kwa sababu Mwalimu amekataa bila kunipa bei yake."

Akavua miwani, akaifuta. Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo namheshimu kwacho, kwa kuwa kilikuwa kweli. "Mkaguzi wa elimu akipanda huku akakuta wanawake kwenye chumba cha sayansi, akaikata ruzuku ya shule, watoto wote hawa watasoma kwa nini? Kwa tangawizi yako?"

Alikuwa na haki, nami nikampa haki yake, maana muuzaji asiyemsikia mnunuzi hurudi na mzigo wake nyumbani. Nikaacha kuomba cha wavulana. "Alhamisi," nikasema, "wavulana wote wako kwenye shamba la shule mchana kutwa. Chumba kimefungwa. Maji ya usiku hayana anayeyagombania, Mwalimu, ndiyo tunayoyaweka kwenye ndiva. Tupe yale."

Bwana Fundi akasema Alhamisi yeye yupo.

"Alhamisi moja," Mwalimu Mkuu akasema mwishowe. "Nitakuja jioni. Nikikuta mmejifunza kitu, tutazungumza. Nikikuta porojo, mnarudi kwenye sindano, na jambo hili lisisemwe tena."

Alhamisi ikaja na mvua. Ukungu ulishuka mpaka ukaingia jikoni. Wale waliokuwa wakipiga vigelegele siku ya kasha, mmoja ana mtoto mgonjwa, mwingine nguo hazijakauka, mwingine mume karudi. Tulifika wanne: mimi, mama, na majirani wawili ambao nilikuwa nimepita kwao alfajiri na kusimama mlangoni mpaka wakavaa. Bwana Fundi akatutazama, akatazama viti vitupu.

"Tungoje wengine?"

"Zamu haingoji," mama akasema. "Ukikuta lango liko wazi unamwagilia, uwe na jembe moja au kumi."

Bwana Fundi akalijaza kasha tena, akaweka na mawe juu, akatuambia tuliinue. Wanne tuliliinua kidogo tu, tukaliachia. Halafu akazifunga zile kapi, mbili kwenye boriti ya paa na mbili kwenye kasha, akapitisha kamba kwenda na kurudi, ncha akampa mama.

"Peke yangu?"

"Peke yako."

Mama akavuta kama mtu anayejaribu kumtoa ng'ombe shimoni, na kasha likaruka hewani hata akapiga yowe. Akavuta tena, polepole. Likapanda. Majirani wakashika vichwa. Mimi nilikuwa naangalia kamba. Biashara imenifundisha kwamba ukipewa kitu rahisi mno, tafuta ulipolipia. Kasha lilipanda mkono mmoja, na kamba iliyolundikana miguuni pa mama ilikuwa mikono minne. Nikapima mara ya pili. Minne.

"Umeona nini?" Bwana Fundi akaniuliza.

"Nimeona bei. Kamba zilizolishika kasha ni nne, kila moja imebeba robo. Lakini kila moja inadai urefu wake. Hukupunguziwa kitu, Bwana Fundi. Bei ni ile ile, ila umeruhusiwa kulipa kidogo kidogo."

Akanipa chaki. "Andika hivyo hivyo ubaoni," akasema.

Nikaandika. Mama alikuwa bado ameshika kamba, kasha linaning'inia mbele ya yeyote atakayeingia, na alipoambiwa alishushe akakataa. "Halishuki mpaka Mwalimu alione."

Mwalimu Mkuu akaja na mwavuli wake. Akasoma ubao mara mbili, hilo nililipenda. Akalizunguka kasha. "Kuna mvulana aliyewasaidia?"

"Yupo," mama akasema. "Yuko shambani, analima."

Akaomba kamba. Mama akampa, na nikauona uso wake ulipousikia uzito, au tuseme ulipoukosa. Akavuta kidogo, akaachia kidogo.

"Na siku ile mnapanda mlima," akauliza, "hizi kapi zilikuwa wapi?"

"Zilikuwa ndani ya kasha, Mwalimu. Tulizibeba."

Akacheka kwa pua, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akamrudishia mama kamba, akachukua mwavuli. Mlangoni akasimama. "Alhamisi ijayo mje mapema, kabla ya mvua. Na mkaguzi akitokea, nyinyi mnafagia."

"Tutafagia kweli, Mwalimu," nikasema. "Ufagio tutaleta wenyewe. Wale wengine nitawafuata mlangoni."

Mama akaanza kulishusha kasha, mkono baada ya mkono, taratibu, kwa sababu kushusha nako kuna bei yake.