Nati Kwenye Waya

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, tulikuwa watano uani kwetu Arua: mimi niliye mkubwa, dada yangu Asha, mdogo wetu Musa, amu Rajabu aliyetoka Koboko, na jirani yetu Mzee Doka, dereva wa zamani wa malori. Arobaini ya mama ilikuwa imekwisha. Baba alitangulia kitambo, akatuachia pikapu moja kuukuu.

Amu alitaka iuzwe. Asha aende kwa shangazi, Musa aende naye Koboko, mimi nijitafutie. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa mzigo asiouweza. Nikasema shule nimeshaacha, nitabeba unga wa muhogo kwa gari hilo, na sisi watatu tutabaki nyumba moja.

"Hii gari kila wiki iko gereji," amu akasema. "Wewe utakula nini? Moshi?"

Asha alicheka, kisha akalia. Ndipo Mzee Doka akasema, "Rajabu, ngoja mpaka Idi. Huyu atatengeneza mwenyewe hapa nyumbani. Ikishindwa, aibu iko yangu."

Amu akakubali kwa heshima ya yule mzee.

Nikauza mbuzi wetu, nikaenda sokoni, Mzee Doka akinifuata. Mfanyabiashara mmoja Mkongo alikuwa na sanduku jekundu, spana zake zinang'aa kama meno ya bibi harusi. "Ndugu, mutu ya gari bila sanduku iko mutu gani?" aliniuliza. Mkono ulikuwa tayari mfukoni Mzee Doka aliponishika bega.

"Gari yako iko na nati ya namna gani?"

Nikautoa mkono mfukoni.

"Kichwa hujaona, unanunua kofia?"

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Labda kwa jembe ni kweli. Nadhani hawakuwahi kulala chini ya gari.

Mzee alinirudisha nyumbani. Akaniazima spana zake kwa kazi moja tu: nizunguke gari lote, na kwa kila ukubwa wa nati nifungue moja isiyo na hatari, niitunge kwenye waya kama shanga. Ndivyo madereva wa zamani walivyofanya kabla ya kununua chombo. "Ya breki usiguse," aliongeza. "Mimi hapana taka kuzika wewe."

Nilichafuka kutwa nzima, nikagundua kwamba nati za gari zima zilikuwa za saizi chache tu, zikijirudia kila mahali. Tukarudi sokoni na waya wetu.

"Leo muko na tasbihi ya chuma!" Mkongo akacheka.

Lakini tulipojaribisha, spana zake nyingi zilipwaya. Zilikuwa za inchi, na gari letu lilikuwa la milimita. Jicho halioni tofauti hiyo, ila nati huiona. Spana ikipwaya hula pembe za nati mpaka iwe mviringo, na hapo hata fundi hodari ataomba patasi. Tukachagua zile tu zilizoshika, pamoja na bisibisi na koleo. Spana malaya, ile inayokubali kila nati, Mzee aliniruhusu moja. "Hii ya dharura," alisema. "Ukizoea, itaharibu nyumba." Kisha tukatafuta jeki imara, na yeye mwenyewe akanikatia magogo ya kuegemeza gari, maana jeki ni ya kuinulia, anayelala chini yake bila gogo amejichimbia kaburi.

Nililitengeneza gari hapo uani, na wiki ya Idi amu alipanda nami kwenda Koboko. Tulipofika katikati ya njia, mshale wa joto ukapanda. Nikasimama.

"Ehee," amu akasema, "tumefika gereji ya porini."

Nilifungua boneti, nikaona mkanda wa feni umelegea. Sikupapasa. Nilichukua spana, ikashika. Nikalegeza dainamo, nikaisukuma kwa kipande cha mti mpaka mkanda ukavutika, nikakaza. Tukangoja injini ipoe, tukaongeza maji, tukaondoka. Tukaona mabati ya Koboko. Amu akasema akitazama dirishani, "Musa abaki na nyinyi."

Basi, mwanangu, usinunue chombo kwa kung'aa kwake wala kwa wingi wake. Kwanza ijue kazi yako kwa vidole, ndipo uende sokoni. Vichache vinavyoshika vitakufaa kuliko sanduku zima linalopwaya. Na ufa uuzibe ungali mdogo, kabla hujaitwa kujenga ukuta.

Mungu akupe mkono unaojua unachoshika, na ndugu zako wasitawanyike. Mimi wangu hawakutawanyika. Mwaka ule watu wa kwetu walipovuka mpaka kukimbia vita, nilipeleka gari mlangoni kwa Mzee Doka nimchukue, nikakuta ameshaondoka kwa miguu. Sikumwona tena. Lile neno alilonisemea mbele ya amu, sijalilipa mpaka leo.