Mafuta ya Jicho la Ng'ombe

Wachinjaji wa Thika walimwita Ephantus Mzee wa Macho, ingawa alikuwa na miaka thelathini na tisa tu. Kila Jumatatu na Alhamisi alifika machinjioni na mkebe usiopitisha mwanga, akapakia macho ya ng'ombe yakiwa bado na joto, kisha akarudi mbio kwenye maabara moja ya utafiti karibu na Ruiru. Walimtania kwamba huko wanapika supu. Alicheka tu. Angewaambia nini, kwamba anakula mshahara kwa kukamua mafuta machoni?

Lakini kazi ndiyo hiyo. Ndani ya chumba cha giza, chini ya taa nyekundu hafifu, alibandua retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, na kumwandalia Daktari Kagwe, mtafiti aliyemwajiri. Ephantus aliielewa kazi hiyo kuliko wanafunzi wengi wenye digrii. Seli zinazoona gizani zimejengwa kwa tabaka za mafuta laini sana, ya aina ile iliyo kwenye samaki. Ndani ya mafuta hayo huelea protini inayopokea mwanga. Mwanga ukiigusa, huteleza na kuamsha nyingine, nayo ikaamsha nyingine, mpaka habari ifike kwenye ubongo. Mafuta hayo yakipungua, habari huchelewa.

Mwaka wa tisini na sita habari zilichelewa kwake mwenyewe. Taa ikizimwa, wenzake walikaa robo saa, wakaanza kuona meza na chupa. Yeye aliona giza tupu. Alivunja vyombo, akasingizia utelezi. Alipopata ujasiri wa kwenda kwa daktari wa macho, aliulizwa kama tangu utotoni alikuwa mzito wa kuzoea giza. Alikuwa hivyo, ila alidhani watu wote wako hivyo. Daktari akamwambia ni ugonjwa wa ukoo: seli zinakufa moja moja, dawa hakuna, na kila mtoto wake anaweza kuurithi, nusu kwa nusu. Ndipo Ephantus akamkumbuka marehemu mama yake, ambaye kila magharibi alishika kamba iliyofungwa kutoka jikoni hadi chooni, na majirani wakasema amerogwa.

Ephantus alikuwa na mtoto mmoja tu, Wakonyo, wa miaka minane.

Hapo akili zikamruka. Mtu mzima, msomi wa maabara, akaanza kuficha macho mawili kila safari, akayapeleka nyumbani Murera, akayachemsha na kumlisha mtoto, akitumaini mafuta yake yatamlinda. Mkewe, Nyawira, alimuuliza kama amekuwa mchawi. Wakonyo alitapika, akalishwa tena. Na si kwamba Ephantus hakuwa ameuliza. Alikuwa amemuuliza Kagwe, na Kagwe hakumficha.

"Ephantus, hiyo shida mtu huzaliwa nayo," Kagwe alimwambia. "Hata ukimpea pipa mzima ya mafuta ya samaki, kama itasaidia, hakuna mtu anajua."

Ephantus alishika lile la mwisho tu, kwamba hakuna anayejua, akaendelea kuchemsha.

Mwishowe Nyawira alimwaga sufuria uani na kumwambia ampime mtoto, ajue moja. Jumamosi asubuhi, maabara ikiwa tupu, Ephantus alimkalisha Wakonyo kwenye kiti ndani ya chumba cha giza, akazima taa, akauacha mlango wazi upana wa kidole. Wakasubiri robo saa. Mtoto alilalamika kwamba amechoka na anataka mandazi. Baba yake alimwomba atulie kidogo. Jasho lilimtoka kama mgonjwa wa malaria, na ndani ya moyo alimwambia Mungu achukue macho yake yote mawili leo hii, amwachie huyu yake.

Aliinua vidole vitatu mbele yake.

"Ni ngapi, mami?"

Ephantus akahesabu moyoni hadi kumi. Tayari alikuwa akiwaza wapi ataifunga kamba ya mtoto.

"Ni tatu," Wakonyo akasema. Sauti ilitoka upande mwingine kabisa, kando ya kabati. "Lakini baba, mbona unaonyesha kiti? Nilitoka huko kitambo."

Ephantus alilia kwa sauti, akimshukuru Mungu. Kisha akanyoosha mkono, akamwomba binti yake amwongoze mpaka mlangoni.