Mjane Aliyekataa Kuanguka

Mwaka jana nilicheza katika mchezo wa kuigiza wa kikundi chetu cha parokia, hapa mtaani Mapendo. Uliandikwa na mwalimu mmoja: mkulima wa upande wa Kiwanja anauawa na jirani yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wanaume walipewa maneno mengi. Chefu wa kijiji anahukumu, polisi anatisha, padri anahubiri, na kila mmoja anataka kusikilizwa kuliko mwenzake. Wanawake tulikuwa wawili tu, mjane na mimi, mke wa muuaji. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni kimya. Ya mjane, kulia na kuanguka.

Mjane aliigizwa na mama mmoja wa Rutshuru anayeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Kwenye mazoezi alikataa.

"Papa, miye sitaanguka," alimwambia mwalimu. "Siku kama ile mutu hana nafasi ya kuanguka. Wageni wanaingia, batoto wana njaa."

"Mama, watu wanataka kuona machozi."

Akarudi mahali pake, mwalimu akadhani amekubali.

Jumapili ukumbi ulijaa. Chefu akawa katikati ya hotuba yake. Marehemu alilala chini, kafunikwa kitenge kifupi. Miguu ilitokeza nje, watu wakacheka. Yule mama akaja polepole, akakivuta kitenge mpaka miguuni. Kichwa kikatokea. Safari hii hakuna aliyecheka. Akavua kitenge cha mabegani mwake, akamfunika kifua na kichwa, akapapasa kingo kama anamlaza mtoto. Sauti ya chefu ikafifia yenyewe.

Ndipo akaniona.

"Ingia," aliniambia. "Usibaki mlangoni, baridi itakupiga."

Maneno hayo hayakuwemo kwenye mchezo. Nilijikuta nimeketi naye kando ya maiti, mkono wake gotini kwangu, na wanaume wale wakubwa wamesimama wasijue mikono yao waiweke wapi. Huko nyuma mama mmoja akaanzisha wimbo wa matanga kwa sauti ndogo. Ukumbi mzima ukaupokea.

Mwalimu hakutugombeza. Alikata nusu ya hotuba za wanaume, na ndivyo tunavyoucheza hadi leo.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza yule mama aliyatoa wapi maneno yale.

"Hata miye niliyasikia pale pale," alisema, kisha akaniuliza kama kwetu maji ya bomba yanatoka.